Vifuko kwenye mapafu na uvimbe kwenye figo: je, ni ugonjwa mmoja?

Mkubwa wa Likoni aliuliza:

Assalamu alaykum, na hamjambo nyote. Naandika kwa niaba ya mdogo wangu wa kike, mwenye umri wa miaka 34, mwalimu wa chekechea huku kwetu Likoni, ambaye hajawahi kuvuta sigara maishani mwake. Kwa miaka mitatu sasa amekuwa akiishiwa na pumzi. Mwanzoni tulidhani ni uchovu, kwa sababu baada ya kazi alikuwa akivuka feri kwenda masomo ya jioni upande wa kisiwani, lakini nilianza kushtuka nilipoona kwamba ule mwinuko wa kutokea kivukoni, ambao wazee wenye mizigo wanaupanda bila kusimama, yeye anaupanda kwa vituo viwili, mkono mmoja umeshika chuma cha pembeni. Tuliambiwa ni pumu, akapewa dawa ya kuvuta kwa mdomo, haikumfaa kitu. Kituo kingine kikamwanzishia dawa za kifua kikuu, naye akazimeza miezi 6 kamili, ingawa makohozi yake yalikuwa yamepimwa mara mbili na hayakuonekana vijidudu.

Mwaka jana, akiwa anafua, alishikwa na kichomi cha ghafla upande wa kulia. Eksirei ikaonyesha kwamba hewa imevuja nje ya pafu na pafu limesinyaa. Aliwekewa mpira kifuani, na mpira huo ukaelekezwa kwenye chupa yenye maji iliyokaa sakafuni chini ya kitanda. Kila alipokohoa mapovu yalipanda majini, nasi tukawa tunakaa tunayatazama, tunaomba yakome. Yalikoma siku ya tano. Baada ya miezi minne hali ikamrudia, upande uleule. Safari hii daktari kijana aliyekuwa zamu alikataa kumruhusu aende nyumbani bila picha ya CT, na Mungu amjaalie kila la heri, kwa sababu picha hiyo ndiyo iliyoonyesha kwamba mapafu yote mawili yamejaa vifuko vidogo vya hewa vyenye kuta nyembamba, na kwamba chini kabisa, pale picha ilipogusa tumbo, kuna uvimbe kwenye figo.

CT ya tumbo ilifuata. Figo ya kulia ina uvimbe wa sentimita 5, ya kushoto ina vidogo viwili, na nyuma ya tumbo, karibu na mshipa mkubwa wa damu, kuna kitu kilichoelezwa kuwa fungu la mifuko yenye majimaji. Tumeambiwa ugonjwa unaitwa limfanjioleiomayomatosisi, kwa kifupi LAM.

Sasa nyumbani tumegawanyika. Ami yetu anasema kitu kilichoko kwenye figo, tumboni na mapafuni kwa pamoja hakiwezi kuwa kingine ila saratani iliyosambaa, na kwamba tunafichwa. Daktari mmoja wa upasuaji amependekeza figo ya kulia iondolewe mapema. Mume wa mdogo wangu anataka kujua kama wanaweza kupata mtoto wa pili, na mdogo wangu kwa sasa hutumia vidonge vya kupanga uzazi. Isitoshe, tumeandikiwa kwenda Nairobi kumwona mtaalamu wa mapafu, na hatujui kama ni salama apande ndege. Nawaomba wenye kujua, au waliopitia haya, watusaidie kuelewa.

Nuru wa Bamburi alijibu:

Wa alaykum salaam, dada yangu. Nimesoma maneno yako mara tatu, kwa sababu ile chupa ya mapovu nami nimeiwekewa chini ya kitanda changu. Nina ugonjwa huu na nimekaa nao mwaka wa tisa sasa. Mimi pia nilianza kwa kuitwa mgonjwa wa pumu.

Mwambie mdogo wako mambo machache kutoka kwa mwenzake. Kwanza, kuvuja kwa hewa hakukuwa kosa lake, si kwa sababu alifua wala alinyanyua ndoo. Vifuko vilivyo karibu na ngozi ya pafu hupasuka vyenyewe, hata mtu akiwa amelala. Wengi wetu hupatwa na hali hii wakati mmoja au mwingine, na ikishatokea mara moja uwezekano wa kurudi ni mkubwa mno, zaidi ya nusu. Mimi ilinitokea mara tatu kabla ya kukutana na daktari aliyenieleza kwamba katika ugonjwa huu hakuna haja ya kungoja irudie ndipo pafu libandikwe kwenye ukuta wa kifua, kwani wataalamu wanashauri jambo hilo lifikiriwe tangu mara ya kwanza. Nilibandikwa, kuliuma kwelikweli kwa wiki moja, lakini upande ule haujavuja tena. Ulizeni kuhusu hilo mkifika Nairobi.

Pili, kuna jambo nataka kukuuliza. Je, tumbo lake hujaa kadiri siku inavyokwenda? Mimi leso ninayojifunga asubuhi ikiwa imelegea, jioni hunibana mpaka naifungua. Kwa muda mrefu niliona aibu kulisema, nikidhani ni unene au gesi. Siku nilipolitaja, daktari wangu aliweka kalamu chini akanisikiliza vizuri zaidi kuliko siku zote.

Tatu, asikae peke yake na kikohozi cha usiku au kichomi kipya akisema kitapita. Kichomi cha ghafla, au pumzi iliyopungua ghafla, ni safari ya hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane na feri ina foleni. Na akiingia mapokezi ataje jina la ugonjwa kwa kinywa chake na aonyeshe karatasi, kwa sababu walio wengi hawajawahi kuuona.

Daktari wa Kifua alijibu:

Bi Mkubwa, natibu magonjwa ya mapafu hapa mjini, na ingawa siwezi kumtibu mtu ambaye sijamwona, maelezo yako ni kamili kuliko barua nyingi za rufaa ninazopokea. Nitajibu kwa kirefu kidogo, na nitaanza na hoja ya ami yako, kwa sababu si hoja ya kupuuzwa.

Ndiyo, ni ugonjwa mmoja. Vifuko vya mapafuni, uvimbe wa figo na lile fungu la mifuko nyuma ya tumbo vyote vina asili moja, nayo ni seli zinazofanana na za misuli laini ambazo zimepoteza breki yao. Breki hiyo hutengenezwa na jeni mbili zinazoitwa TSC1 na TSC2, na kwa wagonjwa wengi iliyoharibika ni TSC2. Ikikosekana, protini ya ndani ya seli iitwayo mTOR hubaki imewashwa mchana na usiku, na seli huendelea kukua na kuhama kupitia njia za damu na za limfu, yaani majimaji ya mwilini yanayorudishwa kwenye damu. Zikifika mapafuni hula kuta za vijumba vya hewa na kuacha matundu, ambayo ndiyo vifuko mlivyoonyeshwa. Kwenye figo huungana na mafuta na mishipa ya damu, zikafanya uvimbe unaoitwa angiomayolipoma. Zikiziba njia za limfu, majimaji hukusanyika nyuma ya tumbo, na wakati mwingine ndani ya kifua, yakiwa meupe kama maziwa.

Kwa hiyo ami yako ameona sawa kwamba kitu hiki husafiri mwilini, na wataalamu wenyewe hukiweka katika kundi la uvimbe unaoweza kusambaa polepole. Hata wagonjwa waliopandikizwa mapafu mapya wamewahi kupatikana na seli zao wenyewe ndani ya mapafu hayo. Lakini kutoka hapo hadi kusema ana saratani iliyosambaa, ya kumaliza mtu kwa miezi, ni mbali sana. Kumbukumbu za wagonjwa nchini Marekani zinaonyesha kwamba takriban 85% walikuwa hai, bila kuhitaji mapafu ya kupandikizwa, baada ya miaka 10. Mwambieni ami hivyo kwa upole. Hofu yake inatokana na mapenzi.

Sasa figo. Hapa ndipo ninapoomba msiharakishe. Uvimbe wa angiomayolipoma hutambulika kwa mafuta yaliyo ndani yake, na mafuta hayo huonekana wazi kwenye CT, kwa hiyo mara nyingi hakuna haja hata ya kuukata kinyama. Hatari yake halisi ni kutoka damu, hasa ukizidi sentimita 4 au mishipa yake ikiwa imetuna. Uvimbe wa mdogo wako umevuka kipimo hicho, na daktari wa upasuaji hakukosea kuuona kuwa wa hatari. Ninachotofautiana naye ni dawa ya hatari hiyo. Mwanamke huyu ana uvimbe kwenye figo zote mbili na huenda ukaongezeka, kwa hiyo kila kipande cha figo kinachofanya kazi ni akiba yake ya miaka 40 ijayo. Kuna dawa inayoupunguza uvimbe huu, na ikiwa damu itatoka au mishipa ni mikubwa, mtaalamu anaweza kupitisha mrija mwembamba kutokea kwenye mshipa wa paja na kuuziba mshipa unaoulisha uvimbe, figo ikabaki mahali pake. Kuondoa figo nzima ni hatua ya mwisho. Akipata maumivu makali ya ghafla ubavuni, kizunguzungu au damu kwenye mkojo, asingoje.

Jambo moja lazima lithibitishwe kabla ya yote haya, nalo ni kwamba uvimbe ule kweli una mafuta. Nasema hivyo kwa sababu upo ugonjwa mwingine wa kurithi, unaoitwa Birt-Hogg-Dubé, ambao nao huleta vifuko vya mapafu, kuvuja kwa hewa na uvimbe wa figo, lakini huko uvimbe wa figo unaweza kuwa saratani hasa, na matibabu yake ni tofauti kabisa. Huko vifuko hukaa zaidi sehemu za chini za mapafu na huwa na maumbo yasiyolingana, ilhali katika LAM vimetapakaa kotekote na vingi ni vya mviringo. Mwombeni msomaji wa picha aandike wazi kwenye ripoti: mafuta yapo au hayapo. Yakiwepo, pamoja na vifuko vya namna hii, utambuzi umekamilika, na hakuna haja ya kumpasua kifua ili kukata kipande cha pafu. Kwa wagonjwa wasio na uvimbe wa figo tunategemea kipimo cha damu cha protini iitwayo VEGF-D, ambacho kikifika pikogramu 800 kwa mililita au zaidi kinatosha kuthibitisha.

Swali la leso alilouliza Nuru ni zuri sana. Yale mafungu ya limfu nyuma ya tumbo huvimba mtu akishinda amesimama, na hupungua akilala usiku, kiasi kwamba picha ya asubuhi na ya jioni zinaweza kutofautiana kwa ukubwa. Uvimbe wa saratani haubadiliki hivyo kwa siku moja. Wanawake wamewahi kupasuliwa tumbo kwa kudhaniwa wana saratani ya ovari au ya tezi za limfu kwa sababu hakuna aliyewauliza habari ya jioni zao.

Vidonge vya kupanga uzazi: kama vina estrojeni, aviache na atafutiwe njia nyingine, kwani homoni hiyo huchochea seli hizi. Inadhaniwa ndiyo maana ugonjwa huu huwapata karibu wanawake pekee, na zaidi walio katika umri wa kuzaa.

Baba Zuhura aliuliza:

Samahani kwa kuingilia, daktari. Binti yangu ana miaka 19, amekuwa na kifafa tangu utotoni, na ana vipele vidogo vyekundu puani na mashavuni ambavyo si chunusi. Tuliwahi kuambiwa ana tuberasi sklerosisi, ugonjwa wa jeni unaootesha uvimbe sehemu mbalimbali za mwili. Hana tatizo lolote la kupumua. Jeni mlizozitaja ndizo hizohizo zilizoandikwa kwenye karatasi yake. Je, habari hii inamhusu?

Daktari wa Kifua alijibu:

Inamhusu, ndugu yangu, na umefanya vyema kuuliza. LAM huja kwa njia mbili. Kuna inayojitokeza yenyewe kwa mtu asiyerithi chochote, na kuna inayofuatana na tuberasi sklerosisi. Katika kundi hilo la pili ni ya kawaida kuliko watu wanavyodhani: katika utafiti mmoja, hadi 80% ya wanawake waliofikia umri wa miaka 40 walionekana na vifuko, wengine bila dalili yoyote. Wanawake wenye hali hiyo hushauriwa kupigwa CT ya mapafu wakishafika miaka 18, hata kama wanapumua vizuri, na figo zao zifuatiliwe pia. Mpeleke akiwa mzima, ili pawe na picha ya kulinganisha baadaye.

Na kwa Bi Mkubwa: kwa kuwa mdogo wako ana uvimbe kwenye figo zote mbili, naye achunguzwe ngozi, kucha na historia ya kifafa katika ukoo, na ubongo wake upigwe picha ikibidi. Mtu anaweza kuwa na tuberasi sklerosisi nyepesi na asijue hadi anapozeeka.

Mfamasia wa Majengo alijibu:

Daktari ametaja dawa bila kuitaja jina, nami nitaongeza hapo, kwa kuwa maswali juu yake hunifikia dukani. Dawa ni sirolimasi. Ilipatikana kutoka kwa bakteria wa udongo uliochukuliwa katika kisiwa cha Rapa Nui, kule bahari ya Pasifiki, na kwa miaka mingi ilijulikana kuwa dawa ya waliopandikizwa figo. Kazi yake ni kuizima ile protini ya mTOR iliyoachwa imewashwa. Mwaka 2011 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa wanawake 89 wenye LAM uliofanyika Marekani, Kanada na Japani. Waliopewa vidonge visivyo na dawa walipoteza wastani wa mililita 12 za nguvu ya kupuliza kila mwezi, ilhali waliopewa sirolimasi hawakupoteza. Mwaka 2015 Marekani ikaidhinisha dawa hiyo kwa ugonjwa huu. Lakini ilipoachwa, upungufu ulianza tena. Kwa hiyo anayeianza aichukulie kama dawa ya shinikizo la damu, ya kumeza kwa muda mrefu, wala si dozi ya kumaliza. Haijazi upya matundu yaliyokwishatokea.

Familia ijue yafuatayo mapema. Vidonda vya mdomoni ni vya kawaida miezi ya kwanza, na mafuta ya damu hupanda. Kidonda hupona polepole, kwa hiyo akitaka kung'oa jino au kupasuliwa, hata kule kubandikwa pafu, daktari aambiwe kabla. Chanjo zenye vijidudu hai asichanjwe. Kiwango cha dawa kwenye damu lazima kipimwe, na hapa ndipo jiko letu la Pwani linapoingia: balungi, na pia danzi, huzuia mwili kuivunja dawa hii, kiwango kikapanda bila mtu kujua. Najua nyumba nyingi hapa mjini hazikosi juisi ya danzi. Chungwa la kawaida halina tatizo hilo. Upande wa pili, rifampisini, ambayo bila shaka alikuwa akiimeza katika ile miezi 6 ya kifua kikuu, huishusha sana. Kama siku moja atahitaji kweli dawa za kifua kikuu akiwa kwenye sirolimasi, wanaomtibu sharti wakae pamoja.

Kuhusu mtoto: sirolimasi haitumiwi katika ujauzito, na huachwa wiki 12 kabla ya kushika mimba.

Daktari wa Kifua aliongeza:

Naunga mkono yote hayo. Mimba katika ugonjwa huu huongeza uwezekano wa hewa kuvuja, wa majimaji meupe kujaa kifuani na wa uvimbe wa figo kutoka damu. Wapo waliojifungua salama. Hata hivyo, kwa mwanamke aliyevuja hewa mara mbili ndani ya mwaka mmoja na mwenye uvimbe wa sentimita 5, mimi ningewaomba yeye na mumewe wasubiri hadi mapafu yapimwe kwa kipimo cha kupuliza na figo ishughulikiwe, kisha waamue wakiwa na namba mkononi. Uamuzi ni wao wawili, si wa ukoo.

Safari: mwenye hewa iliyovuja ambayo haijaisha asipande ndege kamwe. Ndani ya ndege hewa hupungua hadi sawa na ya mtu aliye kwenye mlima wa takriban mita 2,400, na hewa iliyonaswa kifuani hutanuka. Kama eksirei mpya inaonyesha pafu limerudi kikamilifu na wiki kadhaa zimepita, wengi husafiri bila shida. Treni ni afadhali kwake kwa sasa, ila msisahau kwamba Nairobi yenyewe iko juu ya bahari kwa karibu mita 1,700, kwa hiyo eksirei ipigwe kabla ya safari hata kama mnakwenda kwa treni, na oksijeni yake ipimwe akiwa anatembea, si akiwa ameketi tu. Kuzamia baharini kwa mtungi wa hewa asahau kabisa. Na moshi wa makaa jikoni, mwondoleeni.

Mkubwa wa Likoni aliandika:

Nimewasomea nyumbani majibu yenu yote baada ya Isha, ami akiwepo. Hakusema neno mpaka nilipofika pale pa leso. Mdogo wangu alianza kulia, akasema kwamba amekuwa akijifunga upya kila alasiri kwa zaidi ya mwaka, na mimi ninayelala naye chumba kimoja mumewe akiwa safarini sikuwahi kujua.

Leo asubuhi tulirudi kwa msomaji wa picha na kuomba ripoti iandikwe kama daktari alivyoelekeza. Imeandikwa: mafuta yapo, katika uvimbe wote mitatu. Daktari wa upasuaji ameisoma na amekubali kungoja maoni ya Nairobi kabla ya kugusa figo, nasi tunamshukuru kwa hilo. Vidonge vyake vina estrojeni, ameviacha, na muuguzi wa kliniki anamtafutia njia nyingine. Eksirei itapigwa Jumatatu, na ikiwa safi tutapanda treni Alhamisi. Dada Nuru, amenituma nikuombe ruhusa akuandikie mwenyewe, kwa sababu anasema hajawahi kusikia habari za mtu mwingine mwenye ugonjwa huu.

Nuru wa Bamburi alijibu:

Aniandikie leo hii, asingoje Alhamisi.